Boksifaili, WhatsApp, jedwali au programu: taarifa za kampuni za bima zikae wapi?

Ijumaa moja saa kumi na moja jioni, mzee mmoja mwenye malori mawili aliingia ofisini kwetu Mombasa. "Mwanangu, gari linatoka usiku huu kwenda Kampala. Kadi ya manjano nitaipata kwa nani saa hizi?" Alikuwa anaulizia ile ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, si ya chanjo. Ndiyo inayobeba madai ya watu wengine gari likishavuka mpaka wa Malaba.

Jibu lake lilikuwa na vipande vinne. Kati ya kampuni tunazouzia, ni ipi inayotoa kadi hiyo? Tawi lake la Mombasa linafunga saa ngapi? Nani anaweza kuidhinisha baada ya saa za kazi? Na pesa ziingie paybill gani, yaani namba gani ya kulipia kwa M-Pesa? Vyote vinne tulikuwa navyo. Kimoja kilikuwa kwenye boksifaili, cha pili ndani ya grupu la WhatsApp, cha tatu kichwani mwa mwenzangu aliyekuwa ameshapanda matatu kurudi kwao Kwale, na cha nne kwenye kadi ya biashara iliyobandikwa ukutani kwa selotepu. Lori lilitoka Jumamosi adhuhuri.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi madaftari tulikuwa nayo, tena manne, na kila moja lilijua robo ya habari. Tangu siku ile nimejaribu kwa dhati kila njia ya kuweka taarifa za kampuni katika ofisi ya watu wanne wanaouza bima za kampuni saba. Hapa naziweka sambamba, kwa ajili ya wakala mwenzangu mwenye ofisi kama yangu, asiye na mtu wa kompyuta na asiye na bajeti ya kuajiri mmoja.

Kwanza, ni kitu gani hasa kinachotafutwa

Ukikaa kaunta wiki moja na kuandika kila swali linalokulazimu kuinua simu, utashangaa ni machache yanayohusu bei. Nani anachukua matatu? Nani anachukua bodaboda? Gari la mwaka 2008 bado linapata bima kubwa, ile inayolipa hata uharibifu wa gari lenyewe, kwa nani? Eksesi ya dereva kijana, yaani sehemu ya hasara anayoibeba mteja mwenyewe, ni kiasi gani? Paybill ni ipi, na kwenye akaunti tunaandika namba ya gari au namba ya bima? Mteja amepata ajali, gari la kukokota linaitwa kwa namba gani?

Majibu haya hayazeeki kwa mwendo mmoja. Anwani ya makao makuu Nairobi inaweza kukaa miaka kumi. Ofisa wa madai anahamishwa tawi, na simu ya ofisi anaiacha mezani. Viwango na masharti hubadilishwa kwa waraka unaokuja kwa barua pepe, mara nyingi mwanzoni mwa mwaka, wakati kila mtu ana kazi ya kuhuisha bima za wateja na hakuna anayefungua viambatisho.

Mambo haya niliyaelewa usiku mmoja. Mama mmoja, mteja wangu wa miaka, Probox yake iligonga ukingo wa barabara Mariakani, saa tatu usiku, akiwa na watoto wawili. Akanipigia. Nilikuwa bado ofisini, nikachomoa boksifaili, nikafungua ukurasa wa kampuni yake na kumsomea namba ya gari la kukokota. Ikapokelewa na mtu asiyejua lolote kuhusu bima. Kampuni ilikuwa imebadilisha mkandarasi tangu Januari. Waraka ulikuja, haukuchapishwa. Yule mama alikaa kando ya barabara mpaka karibu saa sita. Kesho yake niliutazama ukurasa ule kwa muda mrefu. Karatasi nyeupe, safi, herufi nzito, plastiki juu yake. Hapakuwa na tarehe popote.

Kwa hiyo kipimo changu katika ulinganisho huu ni kimoja, na mengine yote yanakuja nyuma yake: taarifa ikishapitwa na wakati, njia hii inanionyesha kwamba imepitwa, au inaniangalia tu?

Boksifaili

Siidharau. Umeme ukikatika iko, intaneti ikilala iko, na mfanyakazi mpya anaielewa kwa dakika tano. Gharama yake ni shilingi mia chache na karatasi za kutenganishia. Kwa fomu tupu za madai na mikataba yetu ya uwakala yenye mihuri, sijaona kinachoishinda.

Udhaifu wake wa kwanza ni huo wa Mariakani: karatasi ya mwaka juzi na ya wiki jana zinafanana. Wa pili ni mpangilio. Karatasi inakaa pahali pamoja tu. Ukiipanga kwa majina ya kampuni, utapata haraka jibu la "kampuni fulani inasemaje kuhusu madai ya moto?" lakini swali la "nani anachukua bodaboda?" litakufanya ufungue kurasa zote saba. Ukiipanga kwa aina ya bima, shida inageuka upande wa pili.

Halafu majina yenyewe hayatulii. Real Insurance ilichukuliwa na Britam mwaka 2014, na biashara ya bima za jumla ya Jubilee (za magari, moto na mali) iliingia mikononi mwa Allianz mwaka 2021. Mteja anakuja na karatasi yake ya zamani na anataja jina alilolizoea. Kwenye boksifaili lililopangwa kwa alfabeti, mfanyakazi wa mwaka wa kwanza anaitafuta R wala hana habari kwamba aende B.

Grupu la WhatsApp

Hapa ndipo taarifa mpya hufika kwanza. Ofisa wa kampuni anatuma picha ya waraka, mmoja wetu anaisukuma kwenye grupu, na wote tumeiona kabla chai haijapoa. Kwa kupokea habari, hakuna kinachoshindana nayo.

Na kwa kipimo changu cha umri, WhatsApp inaipita boksifaili, jambo ambalo sikulitegemea: kila ujumbe una tarehe yake, huwezi kuifuta. Ubaya ni pale unapotafuta. Andika "paybill" kwenye kisanduku cha kutafutia na utapata majibu ya miaka mitatu, mengine ya kampuni nyingine, mengine ni mwenzako anauliza swali lilelile bila kujibiwa. Ujumbe unaweza kubandikwa juu, lakini ni mitatu tu kwa wakati mmoja, na siku 30 zikipita unashuka wenyewe. Kampuni saba hazitoshi kwenye nafasi tatu.

Kuna jambo zito zaidi. Grupu la kazi halikai na habari za kampuni peke yake. Taratibu zinaingia picha za vitambulisho vya wateja, vitabu vya magari, ripoti za hospitali. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, hivyo ni vitu ambavyo ofisi inawajibika navyo, na mfanyakazi akiacha kazi anaondoka navyo mfukoni ndani ya simu yake binafsi. Kwa sababu hiyo peke yake nisingemshauri mtu aifanye WhatsApp kuwa kabati lake. Ibaki kuwa mlango wa kupokelea.

Jedwali la pamoja

Nasema Google Sheets kwa sababu ndiyo tunayotumia. Excel iliyowekwa kwenye OneDrive inafanya kazi ileile. Ukiwa na akaunti ya Gmail hulipi chochote.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba kampuni zinakaa kwenye safu za kulala na maswali yanakaa kwenye safu za kusimama. Nikiwa na mteja wa zamani mwenye dai, naisoma kampuni yake kwa upana. Nikiwa na mgeni mwenye bodaboda, nashuka na safu moja kutoka juu mpaka chini na kuwaona wanaokubali. Taarifa ni moja, milango ni miwili.

Na kuhusu umri, jedwali linaweza kufundishwa kusema. Kila kundi la majibu lina safu mbili pembeni: "lini tulihakikisha" na "nani alihakikisha, kwa kuzungumza na nani". Nimeweka kanuni ya rangi kwenye safu ya tarehe: =TODAY()-F2>90. Siku 90 zikipita bila mtu kuhakikisha, kisanduku kinakuwa chekundu chenyewe. Haimaanishi jibu ni la uongo. Inamaanisha piga simu kabla hujampa mteja. Laiti ukurasa ule wa Mariakani ungekuwa mwekundu, ningempigia kwanza meneja wa tawi.

Hivi ndivyo safu ya kampuni moja inavyosomeka kwetu, jina nikilificha: "Kampuni C. Jina la zamani: lipo. Leseni ya mwaka huu: ndiyo, imeonekana kwenye orodha ya IRA (mamlaka ya kusimamia bima). Matatu: hapana. Bodaboda: za mizigo tu. Bima kubwa: gari lisizidi miaka 12. Kadi ya COMESA: ndiyo, tawi la Mombasa, kabla ya saa kumi. Baada ya saa za kazi: ofisa wa zamu, kwa simu, si barua pepe. Akaunti ya paybill: namba ya gari bila nafasi. Kukokota: namba mbili, ya kwanza Pwani. Imehakikishwa na Fatuma, kwa meneja wa tawi." Ule mstari wa "bila nafasi" ulitugharimu siku mbili za kutafuta malipo yaliyoelea. Vitu vya namna hiyo ndivyo vya kuandika. Tovuti ya kampuni huwa haina.

Jedwali nalo lina hatari zake, na hii niliishuhudia kwa macho. Kijana wetu wa mafunzo alitaka kupanga majina ya kampuni kwa alfabeti. Akachagua safu ya majina peke yake, akabonyeza kupanga. Majina yakasogea, paybill zikabaki palepale. Kwa karibu saa nzima jedwali letu lilikuwa likisema kwa utulivu kabisa kwamba pesa za kampuni moja zilipwe kwa nyingine. Chini ya kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima ya Kenya, kinga ya bima haianzi kabla kampuni haijapokea pesa yake. Paybill ya kampuni jirani haimkingi mteja kwa lolote. Tuliokolewa na historia ya matoleo: tulirudisha jedwali la asubuhi ile kwa mibonyezo mitatu. Jioni hiyohiyo nikafunga safu za majina na paybill zisiweze kuguswa isipokuwa na watu wawili. Boksifaili haiwezi kukufanyia kosa kama hilo, lakini pia haiwezi kukurudishia ya asubuhi.

Maneno ya siri ya kuingilia kwenye mifumo ya kampuni yasikae kwenye jedwali. Hata siku moja. Kuna programu za kutunzia hayo, Bitwarden kwa mfano, ina toleo la bure.

Daftari la kidijitali: OneNote, Notion na ndugu zao

Hapa kila kampuni inapewa ukurasa wake, na kwenye ukurasa unaandika upendavyo. Hatua za dai la wizi wa gari, kuanzia ripoti ya polisi mpaka funguo ya pili ambayo kampuni itaidai, haziingii kwenye kisanduku kimoja cha jedwali. Kwenye daftari la kidijitali zinakaa vizuri. OneNote ina faida nyingine ninayoipenda: inasoma maandishi yaliyo ndani ya picha. Piga picha kadi ya biashara ya ofisa wa madai, na ukitafuta jina lake itakuletea kadi.

Lakini kwa kulinganisha kampuni na kampuni, inarudisha shida ya boksifaili. Kurasa saba, kila moja imeandikwa kwa mtindo wa aliyeiandika. Mmoja ameanza na simu, mwingine na masharti, wa tatu amesahau eksesi. Tarehe anaiweka anayekumbuka. Sisi tuliitumia miezi kama mitano kwa kila kitu, na nilipoipekua mwishoni, kurasa mbili tu ndizo zilizokuwa na maswali yote.

Programu maalumu ya mawakala

Nitapita haraka. Mawakala wa Marekani wana mifumo kama Applied Epic na HawkSoft, na humo kila kampuni ina mahali pake, imeunganishwa na wateja wake na kamisheni zake. Kwa ofisi yenye maelfu ya bima, huo ni utaratibu mzuri. Lakini mifumo hiyo imejengwa juu ya fomu za ACORD na namba za NAIC, fomu na namba za bima za huko Marekani ambazo hazina kazi Mombasa. Ipo pia inayotengenezwa kwa soko letu. Kabla hujalipa, muulize muuzaji maswali mawili: je, naweza kuongeza safu zangu mwenyewe za masharti ya kampuni, na je, nikiacha kulipa nitatoka na taarifa zangu kwenye faili la Excel? La kwanza wengi wanajibu ndiyo. La pili, ngoja akuonyeshe kwa vitendo.

Kilicho sawa kwa wote kiondolewe kwenye kurasa za kampuni

Njia yoyote utakayoichukua, kuna kosa tulilolirudia katika zote. Tulikuwa tunaandika tozo za serikali kwenye ukurasa wa kila kampuni, mara saba. Ushuru wa mafunzo ni asilimia 0.2, mfuko wa fidia kwa wenye bima ni asilimia 0.25, stempu ni shilingi 40. Bima ya 30,000 inakuwa 30,175 kwa kampuni yoyote ile. Jambo kama hilo liandikwe mara moja, kwenye ukurasa wake, maana siku likibadilika ukilirekebisha pahali pa tano utachoka, na pahali pa sita na pa saba patabaki na uongo. Vivyo hivyo ukomo wa shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja katika madai ya watu wengine barabarani: ni wa sheria, si wa kampuni.

Kinyume chake, hali ya leseni ni ya kila kampuni na ya kila mwaka. Leseni huisha 31 Desemba, na IRA hutoa orodha ya walioidhinishwa. Kila Januari mmoja wetu anaipitia orodha hiyo na kalamu. Sisi wa soko hili hatuna ruhusa ya kusahau: United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi mwaka 2005, Blue Shield 2011, Resolution 2022. Mwenye dai kwenye kampuni iliyoanguka anaelekezwa kwenye mfuko wa fidia, na ukomo wake ni shilingi 250,000 kwa dai. Kampuni ikianguka au ukiacha kuiuzia, usiifute kwenye jedwali. Iandike "haiuzwi" na uiache. Wateja wake wataendelea kuja na karatasi zao kwa miaka, na anayewapokea anahitaji kujua awaelekeze wapi.

Uchague ipi

Uko peke yako na kampuni mbili? Boksifaili inatosha, mradi kila ukurasa uwe na tarehe ya kalamu pembeni na siku moja katika kila miezi mitatu ya kupiga simu kuuhakikisha. Nimeona wakala wa Likoni anayefanya hivyo na sijamkuta akikosea.

Mko wawili mpaka sita, na kampuni tatu au zaidi: jedwali, bila kusita. Kwenye kila kampuni weka kiungo cha ukurasa mmoja wa maelezo marefu, hatua za madai na mengineyo, iwe Google Docs au OneNote, vyovyote mlivyozoea. Waraka halisi wa kampuni uhifadhiwe kwenye folda moja, jina la faili likianza na mwaka, mwezi na siku, ili zijipange zenyewe. WhatsApp iendelee kuleta habari, ila kwa sharti moja ambalo sisi tumelishika: aliyeleta waraka kwenye grupu ndiye anayeuingiza kwenye jedwali siku hiyohiyo, kisha anaweka alama ya tiki chini ya ujumbe. Ujumbe usio na tiki ni kazi ya mtu.

Boksifaili yetu haijatupwa. Ndani yake kuna fomu tupu, mikataba, na karatasi moja ya dharura: kampuni saba, namba za kukokota, namba za madai za usiku. Inachapishwa upya kutoka kwenye jedwali kila tarehe mosi, na ya zamani inachanwa. Tarehe yake iko juu, kwa herufi kubwa kuliko kichwa cha habari. Siku umeme unapokatika, ndiyo tunayoisoma.

Kuanza kwenyewe hakuhitaji programu. Tuliandika maswali 11 tuliyoyapata kaunta, tukagawana kampuni, tukapiga simu. Ilichukua siku mbili. Katika kampuni saba, tulikuta namba mbili za madai zilizokufa, ofisa mmoja aliyestaafu, na paybill moja iliyokuwa imebadilishwa miezi minne nyuma bila sisi kuwa na habari.